Kumhamisha Muuguzi Si Kumaliza Kosa

Nataka kutoa dukuduku langu juu ya jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu, yaani namna sisi wananchi, pamoja na baadhi ya viongozi wetu, tunavyoshughulikia makosa ya wauguzi na wakunga.

Kabla ya kuendelea ningependa ieleweke kwamba mimi si adui wa wauguzi. Mimi ni mkulima wa migomba na kahawa hapa Kibosho, na Kibosho ni mahali panapoufahamu uuguzi. Tunayo hospitali ya misheni, na chuo cha uuguzi tunacho. Ukiteremka Moshi mjini utaikuta Hospitali ya Mawenzi, na pia KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Ni vigumu kukuta ukoo huku mlimani usiokuwa na mtoto aliyesomea kazi hiyo. Dada yangu mwenyewe aliifanya mpaka akastaafu, na najua alivyokuwa akirudi nyumbani asubuhi miguu imevimba, hana hata nguvu ya kunywa uji.

Mambo ninayotaka kuyasimulia hayakutokea katika hospitali hizo nilizozitaja. Yalitokea katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa nia yangu si kumchongea mtu gazetini.

Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, mke wa mwanangu alishikwa na uchungu usiku. Njia ilikuwa matope matupu. Tulimbeba mpaka barabara kubwa, tukapata gari, tukafika kituoni yapata saa sita za usiku. Muuguzi wa zamu alitupokea kwa maneno makali, akatuuliza kwa nini hatukuja mchana, kana kwamba uchungu huchagua saa. Alimpima mara moja, akamwonyesha kitanda, akaenda zake. Mke wangu alimwita mara tatu. Mara ya tatu alijibiwa kwamba kama anajua kuzalisha, basi amzalishe mwenyewe.

Mtoto alizaliwa alfajiri mikononi mwa mke wangu, na mama yake akavuja damu nyingi. Aliyemwokoa ni mkunga wa zamu ya asubuhi, ambaye aliingia kazini kabla ya saa yake. Huyo tunamshukuru mpaka leo. Alipotaka kujua usiku ulikwendaje, alikuta karatasi ya kufuatilia uchungu haikuandikwa kitu tangu tulipopokelewa.

Tulipotaka kulalamika tulikwama mlangoni. Jina la muuguzi yule hatukulijua, maana hakuwa amevaa kitambulisho, na kila tuliyemwuliza alisema hajui nani alikuwa zamu. Tukaenda kwa kiongozi mmoja, akatuahidi kwamba atalimaliza. Haikupita muda mrefu tukaambiwa muuguzi yule amehamishwa. Ndugu Mhariri, tulifurahi. Habari ilipotangazwa mkutanoni watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa mmojawapo. Mke wangu akaendelea kumpikia mkwe wake mtori kwa moyo mkunjufu, tukahesabu kwamba haki imetendeka.

Mwaka uliofuata nilikwenda msibani katika tarafa nyingine. Tukiwa tumekaa chini ya migomba, mzee mmoja akaanza kusimulia jinsi alivyompoteza mjukuu wake siku ile ile aliyozaliwa. Alisema kwamba usiku ule muuguzi aliitwa akakataa kuja, akawajibu kwamba kama wanajua kuzalisha, wazalishe wenyewe. Niliposikia maneno hayo nilishtuka. Nikamwuliza umbo la muuguzi huyo, na sauti yake, na alifika lini katika kituo chao. Alikuwa ni yeye. Sikuwa na uso wa kumwambia mzee yule kwamba sisi ndio tuliompelekea.

Sisemi kwamba muuguzi huyo ndiye aliyemwua mtoto. Vichanga hufa kwa sababu nyingi, hata mbele ya mkunga hodari. Pengine mwanamke yule alikuwa mgonjwa, au amechoka kupita kiasi, au hakufundishwa vizuri. Lakini nani alichunguza? Hakuna. Kosa la kwanza halikuandikwa mahali popote, likabebwa pamoja na mizigo yake hadi kituo kingine, kwa watu wasiokuwa na habari.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza, na dada yangu ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia kwamba muuguzi ana mabwana wawili. Wa kwanza ni mwajiri wake, ambaye humlipa mshahara na kumpangia kazi. Mwajiri anaweza kuwa Halmashauri, dayosisi au mtu binafsi. Wa pili ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza ndilo linalosajili wauguzi na wakunga na kuwapa leseni. Bila leseni hiyo mtu hana ruhusa ya kuuguza, awe katika hospitali ya Serikali, ya misheni au ya mfanyabiashara. Na Baraza hilo hilo ndilo lenye uwezo wa kumwita muuguzi anayelalamikiwa, kumsikiliza, na akionekana ana kosa kumwonya, kumsimamisha, au kulifuta jina lake katika daftari.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mwajiri akimhamisha mtu, au hata akimfukuza kazi, mtu huyo bado ni muuguzi halali na anaweza kuajiriwa upande wa pili wa mlima kesho yake. Baraza likimsimamisha, amesimama nchi nzima ya Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar nao wana Baraza lao. Kwa hiyo sisi tuliopiga makofi tulishangilia uamuzi wa bwana wa kwanza, na bwana wa pili hakuambiwa neno.

Jambo lenyewe wala si geni. New Zealand ilitunga sheria ya kusajili wauguzi mwaka 1901, na Uingereza ikafuata mwaka 1919. Hapa kwetu tulikuwa na sheria ya usajili tangu enzi za Tanganyika, ikaja nyingine mwaka 1997, halafu hii ya mwaka 2010. Kote huko wazo ni moja: mgonjwa aliyelala kitandani hana nafasi ya kumkagua anayemchoma sindano, kwa hiyo lazima awepo mtu aliyemkagua kabla yake, na ambaye ataendelea kumkagua. Je, ukaguzi huo una faida gani iwapo habari za makosa hazimfikii mkaguzi?

Najua wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache, mmoja anaangalia wodi nzima usiku, na kwamba barua kama hii inawavunja moyo. Nakubali kabisa kwamba ni wachache. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutaka Baraza, wala si sababu ya kuliepuka. Uchunguzi wa haki huuliza pia wagonjwa walikuwa wangapi, dawa zilikuwepo au hazikuwepo, na nani alimpanga mtu mmoja kufanya kazi ya watu watatu. Kiongozi anayesimama jukwaani na kutamka hapo hapo kwamba muuguzi fulani hana kazi, hayaulizi maswali hayo. Umati nao hauyaulizi.

Na siku hizi umati umekuwa mkubwa zaidi kwa sababu ya simu. Mwaka 2022 nchi nzima iliona video ya watumishi wawili wa kituo cha afya kimoja mkoani Tabora wakigombana juu ya vipimo vya malaria vilivyodaiwa kupitwa na wakati. Kila mtu alikuwa hakimu. Wengine walimtetea huyu, wengine yule, na wengi walikwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi wowote kukamilika. Mimi sina la kusema juu ya nani alikuwa na haki katika ugomvi ule. Ninachosema ni kwamba muuguzi mwema anaweza kuangamizwa na simu kwa siku moja, na muuguzi mbaya anaweza kufichwa na uhamisho kwa miaka kumi. Tena anayepiga picha za video wodini hujisahau kwamba nyuma ya muuguzi wapo wagonjwa wamelala, nao wana siri zao ambazo muuguzi ameapa kuzitunza.

Kwa hiyo naomba wahusika watupie jicho mambo yafuatayo.

Kwanza, kila muuguzi na mkunga awapo kazini avae kitambulisho chenye jina linalosomeka, usiku na mchana. Anayefanya kazi yake vizuri hana sababu ya kuficha jina. Tena yule mkunga wa asubuhi tungependa nasi kumwandikia barua ya shukrani.

Pili, katika ubao wa matangazo wa kila hospitali, kituo na zahanati paandikwe kwa Kiswahili chepesi kwamba Baraza lipo, kazi yake ni nini, na malalamiko yanapelekwa wapi. Sanduku la maoni pekee halitoshi. Mengine hayafunguliwi, na mengine ufunguo anao yule yule anayelalamikiwa.

Tatu, Mganga Mfawidhi au Muuguzi Mkuu wa Wilaya anapopokea lalamiko zito, kama la kumtelekeza mama anayejifungua, kudai fedha zisizo halali au kutoa siri ya mgonjwa, asiruhusiwe kulimaliza kwa uhamisho kimya kimya. Alipeleke kwa maandishi mahali panapostahili, na mlalamikaji apewe jibu.

Nne, serikali za vijiji zitufundishe jinsi ya kulalamika. Sisi wanakijiji hodari wa kulaumu, lakini ukituuliza ilikuwa tarehe ngapi na saa ngapi, tunatazamana. Lalamiko lenye tarehe, saa, mahali, jina na mashahidi ni lalamiko linaloweza kuchunguzwa. Lalamiko la vilabuni huishia kwenye mbege.

Tano, tuwafichue wale wanaovaa joho jeupe na kuchoma watu sindano nyuma ya maduka bila kusajiliwa. Hao si wauguzi, wanavunja sheria, na mara nyingi wanalindwa na sisi wenyewe kwa kuwa wako karibu na wanakubali kukopesha.

Na mwisho kabisa, nawaomba wauguzi wenyewe. Dada yangu ananiambia kwamba mara nyingi wenzake wa zamu wanamjua aliye mkorofi, wanamjua aliye mlevi, lakini hunyamaza kwa kuogopa kuitwa wasaliti. Yule mkunga wa asubuhi aliiona karatasi tupu. Simlaumu, maana aliwaokoa watu wangu, lakini kama angeandika mistari miwili tu juu ya alichokiona na kuipeleka kwa mkubwa wake, pengine yule mzee wa tarafa ya pili asingekuwa na hadithi ya kunisimulia. Kiapo cha muuguzi ni kwa mgonjwa kwanza, mwenzake baadaye.

Mimi pia nilikuwa na wajibu wangu. Kusoma na kuandika nilijifunza, na karatasi haikunishinda bei. Nilichagua kupiga makofi. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu, ingawa nimechelewa, ili mwingine aliye na lalamiko kama langu asiridhike haraka kama nilivyoridhika mimi. Ukiambiwa kwamba muuguzi aliyewatendea vibaya amehamishwa, uliza amehamishiwa wapi, na uliza Baraza limearifiwa au halikuarifiwa.

Mjukuu wangu aliyezaliwa usiku ule sasa anakimbia shambani na kuvunja matawi ya kahawa. Kila nikimkemea namkumbuka yule mtoto wa pili, ambaye angekuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja tu.



Mkulima wa Migomba,
Kibosho, Moshi.