Zakayo Alirudisha Pesa

Jumapili moja ya Julai 2024, wiki chache baada ya vijana kuingia Bungeni, nilimsindikiza mathe kanisani. Nilikuwa sijaenda kitambo. Siku hiyo pasta alihubiri juu ya kodi. Alisema sisi vijana tumekosa adabu, kwamba Yesu mwenyewe aliwaambia watu walipe, na kwamba Paulo aliwaandikia Warumi kuwa mamlaka yote yametoka kwa Mungu, kwa hivyo anayepinga kodi anapingana na Mungu. Watu wakasema amina. Mathe naye akasema amina. Halafu kikapu kikapita, na nambari ya till ikaonyeshwa ukutani kwa wale ambao hawakuwa na keshi.

Mathe huuza mboga sokoni. Kila asubuhi kanjo humkatia risiti ya ushuru kabla hajauza hata fungu moja la sukuma. Mvua inyeshe isinyeshe, analipa. Mwaka wa 2023 VAT ya mafuta ilipotoka asilimia 8 hadi 16, nauli ya kuleta mboga ilipanda. Akinunua sabuni, kodi iko ndani. Jumapili anatoa fungu la kumi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo sina digrii ya theolojia wala ya uchumi. Lakini Biblia ya mathe iko pale mezani na kusoma najua. Nimeisoma, na malalamiko yangu ni moja tu: pasta alitusomea nusu.

Tuanze na Kaisari, maana ndiye huyo tunapigwa naye kila mwaka bajeti ikisomwa.

Swali la kodi ya Kaisari halikuulizwa na mwananchi aliyetaka kujua wajibu wake. Liliulizwa na Mafarisayo na Maherodi, na lilikuwa mtego. Yesu akisema lipeni, watu waliochoshwa na Roma wangemkataa. Akisema msilipe, angeshtakiwa kwa uasi. Na hili halikuwa jambo la mzaha. Mwaka wa 6 baada ya Kristo, Warumi walipohesabu watu na mali Uyahudi ili watoze kodi, Yuda Mgalilaya aliongoza uasi, na Matendo ya Mitume inamtaja kwa jina na kusema aliangamia. Kodi ilikuwa imeshamwaga damu pale.

Sasa angalia Yesu anavyojibu. Anaomba aonyeshwe sarafu, maana yeye hana. Wao wanayo, iko na sura ya Kaisari. Anawauliza sura ni ya nani, kisha anawaambia wamrudishie mwenye sura kilicho chake, na Mungu naye apewe kilicho chake. Mahubiri mengi huishia hapo katikati. Hakuna anayeuliza, sasa cha Mungu ni kipi? Tertullian wa Carthage alijibu karibu miaka 1800 iliyopita: sarafu ina sura ya Kaisari, mtu ana sura ya Mungu. Ukurasa wa kwanza wa Biblia unasema hivyo hivyo. Basi Kaisari achukue sarafu yake, lakini mtu si wake. Hana ruhusa ya kumpiga mtu risasi kwa sababu ya sarafu. Juni 2024 makumi ya Wakenya waliuawa kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha. Kwenye ile hesabu ya pasta, hao waliandikwa safu ya nani?

Halafu kuna jambo lingine. Luka anasema Yesu alipopelekwa kwa Pilato, moja ya mashtaka ilikuwa kwamba anazuia watu kumlipa Kaisari kodi. Lilikuwa shtaka la uongo, sawa. Lakini hata uongo huhitaji kuaminika. Hakuna mtu angeleta shtaka kama hilo dhidi ya mtu aliyejulikana mji mzima kama mpiga debe wa kodi.

Na Paulo je? Warumi 13 ndiyo rungu lao kubwa. Paulo aliandika barua hiyo karibu mwaka wa 57, Nero akiwa mfalme. Mwaka uliofuata, kwa maelezo ya mwanahistoria Tacitus, malalamiko juu ya watoza ushuru yalizidi mpaka Nero akafikiria kufuta ushuru wote usio wa moja kwa moja. Maseneta wakamtuliza, lakini akaamuru sheria za kila kodi, zilizokuwa siri mpaka wakati huo, zibandikwe hadharani. Nero, jamani! Nero yule yule alijua kwamba mlipaji ana haki ya kujua analipishwa nini na kwa sheria gani. Wakristo waliosomewa barua ya Paulo walikuwa wakiishi katikati ya makelele hayo.

Paulo anasema kodi ilipwe, siwezi kuficha hilo. Lakini anasema pia mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa faida yako wewe. Hiyo ni kazi amepewa, na mwenye kazi anaweza kuulizwa kama ameifanya. Paulo huyo huyo alipochapwa viboko na kufungwa Filipi bila kesi, wakubwa wa mji wakataka kumtoa kimyakimya asubuhi. Alikataa. Alisema waje wenyewe wamtoe. Wakaja, wakamsihi. Mbona hatuhubiriwi hiyo?

Sasa turudi nyuma zaidi, Agano la Kale, ambako mambo yanakuwa moto.

Waisraeli walipotaka mfalme, Samueli aliwasomea bajeti mapema. Atachukua wana wenu kwa magari yake ya vita, binti zenu kwa jikoni yake, mashamba yenu mazuri awape watu wake, na sehemu ya kumi ya nafaka, mizabibu na mifugo. Mtalia, na Mungu hatawajibu. Wakasema sawa tu, tunataka mfalme. Sulemani, yule tunayemsifia hekima, aliigawa nchi kwa maakida 12, kila mmoja alishe ikulu mwezi mmoja. Akatoza shokoa ya watu 30,000, akiwapeleka Lebanoni 10,000 kila mwezi kwa zamu, wengine wakibeba mizigo na kuchonga mawe milimani.

Alipokufa, watu walimwendea mwanawe Rehoboamu na ombi la adabu kabisa: tupunguzie mzigo, nasi tutakutumikia. Wazee wakamshauri awe mtumishi wa watu. Vijana aliokua nao wakamshauri awatishe. Na kabla hujasema ni makosa ya vijana, hao walikuwa watoto wa ikulu, hawakuwa wa mtaani. Rehoboamu akawafuata, akawaambia watu kwamba yeye atazidisha. Kisha akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, akakusanye kama kawaida. Watu wakampiga kwa mawe mpaka akafa. Mfalme akapanda gari akatoroka hadi Yerusalemu. Makabila kumi yakaondoka na hayakurudi tena. Sisemi mtu apigwe mawe. Nasema tu kwamba mwandishi wa Wafalme anajua ufalme ulipasukia wapi, na lawama anaiweka kwa yule aliyekataa kusikiliza.

Mbele kidogo kuna Nehemia, sura ya 5. Watu wamekopa pesa za kulipa kodi ya mfalme wa Uajemi, wameweka rehani mashamba na nyumba, na watoto wao wanachukuliwa utumwani. Nehemia, ambaye ni gavana, anakasirika. Anaitisha mkutano, anawakabili matajiri mbele ya watu, anawalazimisha warudishe mashamba na kuacha riba. Halafu anafanya jambo ambalo sijawahi kuona gavana akilifanya. Kwa miaka 12 anakataa posho ya ugavana, ingawa waliomtangulia walitwaa chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Anasema sababu ni mzigo wa watu ulikuwa mzito tayari, na yeye alimwogopa Mungu. Kumwogopa Mungu, kwake, kulimaanisha kupunguza marupurupu.

Hapa ndipo nakuja kwetu sisi, maana nasi tulisoma nusu. Mwaka wa 2023 tulimbandika rais jina la Zakayo, tukamwimbia ashuke mtini. Ilikuwa poa, tulicheka. Lakini Zakayo wa Luka alikuwa mkuu wa watoza ushuru Yeriko, na kazi hiyo ilikuwa tenda. Unainunua haki ya kukusanya ushuru, unalipa serikali, kisha unarudisha pesa yako na faida juu, na faida hiyo hakuna aliyeipima. Ndiyo maana Yohana Mbatizaji watoza ushuru walipomuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Na Zakayo aliposhuka, hakuomba radhi tu. Alisema nusu ya mali yake ataigawa kwa maskini, na yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Wokovu ukatangazwa nyumbani mwake baada ya hapo. Kushuka mtini ilikuwa hatua ya kwanza tu. Mswada uliondolewa tarehe 26 Juni 2024, tukashangilia, lakini pesa zilizoibwa kabla ya hapo ziko wapi? Tungeimba "rudisha" kwa nguvu ile ile.

Na kanisa pia lishuke. Malaki husomwa kila kikapu kikikaribia, lakini mistari michache tu juu yake inawalaani wanaodhulumu mshahara wa kibarua, mjane na yatima. Fungu la kumi la Kumbukumbu la Torati, kila mwaka wa tatu, liliwekwa mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Yule mjane wa senti mbili tunayeambiwa tumwige anatokea mara tu baada ya Yesu kuwashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Yeye alikuwa ushahidi wa kesi, wao wamemfanya bango la harambee. Kwa sheria yetu shirika la kidini linaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Mathe hana msamaha wowote. Kwa hivyo anayemhubiria kuhusu kodi akumbuke amesimama wapi. Si wote wako hivyo: Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa pesa za rais zilizotolewa katika parokia ya Soweto. Inawezekana.

Mimi sijasema tusilipe. Nilizaliwa hospitali ya serikali na nikasoma shule ya serikali, na najua hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Ninachokataa ni Biblia kugeuzwa kitambaa cha kuziba mdomo. Ukihesabu vizuri, kitabu hicho kinamuuliza anayetoza maswali mengi kuliko anayelipa.

Jioni ile nilimsomea mathe Nehemia 5 akichambua mboga. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Hii iko kwa Biblia yangu?" Nikamwonyesha. Akakunja pembe ya ukurasa. Jumapili iliyofuata alienda kanisani kama kawaida, akatoa sadaka yake, na ibada ilipoisha akamfuata pasta mlangoni, kitabu kikiwa wazi. Pasta alimwambia ana haraka. Mathe alimwambia atangoja.

Bado anangoja. Wewe mwenye pasta asiye na haraka, muulize kwa niaba yake.