Kabla ya kununua taa za matumbawe, angalia juu kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku Tanga alinitumia picha ya taa sita za LED, zile za zambarau ambazo watu huwashia miche ndani ya nyumba. "Shikamoo afisa. Kikundi chetu kimepata mkopo, tunataka kukuza matumbawe ya mapambo tuuzie hoteli zenye matangi. Hizi zinafaa?"

Nikamjibu: msinunue. Naona hakufurahi, kwa hiyo leo naeleza vizuri.

Tumbawe ni mnyama, ila ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo sana, zooksanthela. Huyo ndiye mpishi wa nyumba: anatengeneza sukari kwa mwanga, tumbawe linakula. Kwa hiyo ukiweka taa unalisha mwani, na mwani wa baharini umezoea mwanga wa bluu, maana maji humeza mwekundu ndani ya mita chache za juu. Taa za miche zimejaa mwekundu. Unalipia umeme ambao tumbawe halina kazi nao kubwa.

Halafu kuna hili la wati, na hapa na mimi nimeshaangukia pua. Miaka ya nyuma nilimshauri mtu mwenye tangi dogo achukue taa yenye wati nyingi, tukaiwasha siku nzima kuanzia siku ya kwanza. Wiki ya pili matumbawe yalikuwa meupe kama chaki. Wati inakwambia umeme unaoliwa tu. Kinachotakiwa ni PAR, yaani kiasi cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru, na hupimwa pale pale tumbawe linapokaa, chini ya maji. Matumbawe laini yanaridhika na 50 hadi 150. Yale magumu yenye matawi yanataka kama 250 hadi 350. Kipimo cha luksi cha kwenye simu kitakudanganya, hasa kwa taa ya bluu.

Sasa piga hesabu. Taa sita za wati 150, saa 10 kwa siku, ni uniti 9. Kwa mwezi 270, na pampu bado hujaziweka. Vijana wa mkopo mtarudisha nini?

Msimamo wangu ni huu: kwa anayekuza pwani yetu, taa ya kwanza ni jua. Saa sita mchana jua kali linatoa PAR karibu 2,000, ni nyingi mno. Lakini neti ya kivuli mnaijua, mnaitumia kwenye vitalu vya nyanya. Neti inayozuia asilimia 80 inakuachia kama 400, na maji yanapunguza tena kidogo. Ugumu wenyewe uko kwenye joto. Tangi dogo lenye kina kifupi linachemka haraka. Maji yakikaa juu ya nyuzi 30 siku nyingi, matumbawe yanapauka hata kama mwanga uko sawa. Wazee wa Mafia wanaikumbuka 1998, bahari ilipopata joto na miamba ikafa. Tafuteni tangi kubwa, pande zake ziwe kivulini, na upepo upite.

Masika mawingu yakikaa wiki nzima, hapo ndipo taa inaingia, moja au mbili za LED zenye bluu nyingi na nyeupe kiasi. Hoteli yenye tangi sebuleni haina ujanja, itanunua taa kamili. Hata hapo waanze na mwanga hafifu, waongeze polepole kwa wiki tatu nne, kama unavyokomaza miche kabla ya kuipeleka shambani. Saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha. Usiku ubaki usiku.

Na mbegu msiende kuvunja mwambani. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, kwa hiyo kuyapeleka nje ya nchi kunataka kibali. Na hata kwa soko la ndani, anzieni ofisi ya uvuvi kabla hamjagusa hela ya mkopo.

Kijana amenijibu jana usiku: wamesimamisha oda ya taa, wanauliza bei ya neti. Mwenye kipima PAR hapa Tanga aniandikie, tunahitaji kukiazima siku moja tu, saa sita mchana.