Shida Iko Mdomoni mwa Mgono

Hapa chuo ukiitwa fisi, imekula kwako. Ama watu wanadhani huna simile mbele ya msosi, ama huna simile mbele ya dada za watu. Sasa fikiria mnyama aliyepachikwa jina hilo tangu anazaliwa: fisi maji. Hana undugu wowote na fisi. Ukoo wake ni wa nyegere na kicheche. Lakini jina limeshamhukumu kuwa mlafi na mwizi, na kwa mvuvi anayetega mtoni, hukumu ya mwizi inajulikana.

Mjadala kuhusu mnyama kama huyu huwa na pande mbili. Wa kwanza wanasema ni mharibifu, auawe. Wa pili wanasema ni urithi wa taifa, asiguswe. Mimi nawapinga wote wawili. Naona tunabishana kuhusu mnyama wakati tungepaswa kubishana kuhusu mtego. Mdomo wa mgono ukitengenezwa vizuri, mvuvi atabaki na samaki wake na fisi maji atabaki na uhai wake.

Tuanze na namna anavyonaswa. Fisi maji anaponzwa na mazoea. Hupanda ukingoni mahali palepale, hujisaidia palepale, hurudi majini kwa njia ileile. Mtegaji akiona kinyesi chenye vipande vya magamba ya kaa, kazi yake imeshakuwa nyepesi. Kwenye njia hiyo huwekwa tanzi la waya lililofungwa kwenye ufito uliopindwa: mnyama akipita, ufito unafyatuka na waya unakaza. Wengine hutumia mtego wa chuma unaobana mguu. Wengine hupaka samaki sumu na kumwacha ukingoni.

Njia ya nne haikukusudiwa kabisa. Mvuvi ametega mgono wake wa fito kwa ajili ya kambare na perege. Mgono una koo jembamba: ukiingia umeingia, kutoka ni kazi. Fisi maji akiona samaki wamejaa ndani, anawafuata. Nani anakataa ubwabwa wa shughuli? Lakini yeye anavuta hewa kama mimi na wewe. Mgono ukiwa umezama wote, dakika chache tu zinatosha. Asubuhi mvuvi anakuta mzoga, fito zimevunjika na samaki wametafunwa. Hapo hakuna aliyefaidi, si mnyama wala binadamu.

Na huyu tunayemwita mwizi wa samaki anakula nini hasa? Tanzania ina aina mbili. Mwenye madoa shingoni anajulikana zaidi Ziwa Victoria, na chakula chake kikuu ni samaki. Asiye na kucha ni mkubwa zaidi. Anaishi mitoni, kwenye mabwawa, hata kwenye mikoko, na anachopenda kuliko vyote ni kaa. Anawatafuta kwa kupapasa chini ya mawe kwa vidole vyake, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Aina zote mbili IUCN imeziweka kwenye kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Sheria ipo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na inakataza sumu na mitego ya namna hii. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mvuvi wa Ruvu au Wami. Tembo akila shamba, kuna kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Zinagusa mazao, mifugo na watu walioumizwa au kuuawa na wanyama hatari. Mgono uliovunjika haumo. Wavu uliochanwa haumo. Kwa hiyo mvuvi anaambiwa asimguse mnyama, halafu hasara anaachiwa mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akichukua waya au sumu usiku, mimi simsifu, lakini siwezi kujifanya simwelewi.

Tatizo la waya na sumu ni kwamba havichagui. Tanzi lililotegewa fisi maji linamnasa kenge, linamnasa mbwa wa kijijini, linaweza kumnasa mtoto aliyeteremka kuoga. Na sumu haibaki kwenye samaki mmoja. Maji ya mto ule ndiyo yanayochotwa na mama zetu kwa ndoo.

Wenzetu wamepita njia hii. Uingereza, mitego ya mikunga ya maji baridi inatakiwa kuwa na kizuizi mdomoni: miraba ya mwanya usiozidi sentimita 10 hivi, samaki wanapita, fisi maji wa huko anabaki nje. Kwenye uvuvi wa kamba, nyavu za meli huwekewa fremu ya vyuma yenye mlango wa kutokea. Kamba wanapenya, kasa akigonga fremu anasukumwa nje akiwa hai. Mwaka 1989 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia kununua kamba kutoka nchi zisizowakinga kasa namna hiyo. Hakuna aliyewaambia wavuvi waache kuvua. Waliambiwa wabadilishe chombo.

Kwetu chombo hicho hakihitaji mfadhili. Fito zilezile zinazosuka mgono zinaweza kusuka kizuizi cha mdomoni. Gharama yake nitaisema wazi: kambare mkubwa sana naye hataingia, na mvuvi ana haki ya kulalamika. Kwa hiyo ipo njia ya pili, ya kutega mgono kichwa chake kikiwa juu ya maji, ili mnyama akinaswa apate pumzi mpaka mwenye mgono afike amwachie. Karibu na bahari hilo linahitaji hesabu, maana kina cha maji ya bamvua si kina cha maji mafu. Lakini hesabu hiyo mzee wa pwani anaijua kuliko profesa yeyote.

Hapa ndipo sisi wa ualimu tunapoingia. Nilipokuwa fildi kwenye sekondari moja upande wa Ruvu, wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliweza kunieleza tanzi, koo la mgono na ufito unaofyatuka bila kukwama. Ile ni nishati, ni kani, ni fizikia yote ya muhula. Darasani tunawapa mifano ya vitu ambavyo hawajawahi kuvishika, kwa Kiingereza, halafu tunashangaa wanafeli. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali na inataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Kutenda gani kunakomfaa mtoto wa mvuvi zaidi ya kutengeneza mgono bora kuliko wa babu yake?

Najua kuna msomaji anasema: bumu halijaingia, ajira hakuna, huyu anatuletea habari za fisi maji. Ndugu yangu, yule mvuvi aliyepoteza mgono na samaki wa siku nzima ndiye anayemlipia mdogo wako daftari. Hasara yake ni suala la ajira. Halipati mjadala hapa chuo kwa sababu hatokei kwenye matangazo ya kazi.

Basi naleta ombi moja kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kabla ya fildi ijayo, tuunde kikundi kidogo cha wanafunzi wa ualimu wa sayansi. Tubishe hodi Mbegani, kwenye kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, tukae na wakufunzi wao na wazee wawili watatu wanaotega mtoni. Tusuke migono miwili, mmoja wenye kizuizi na mmoja usio nacho, tuitege sehemu moja, tuhesabu samaki. Kama kizuizi kinamtia mvuvi hasara kubwa, tuseme hivyo na tutafute njia nyingine. Kama hakimtii, tutakuwa na kitu cha kwenda nacho darasani na kijijini ambacho mtu anaweza kukishika mkononi.