Ukweni Nako ni Ugenini: Funzo la Padri wa Theluji

Leo nakupigieni mfano wa mtu ambaye dini yake si yetu, ila subira yake ina funzo kwa bi harusi anayehamia ukweni.

Frederic Baraga alizaliwa Slovenia mwaka 1797. Alisomea sheria Vienna, kisha akawa padri wa Kikatoliki, na urithi wake akamwachia dada yake. Mwaka 1831 alikwenda kaskazini ya Marekani, kwenye maziwa makubwa, kuishi na wenyeji wa huko, Waottawa na baadaye Waojibwe. Barabara hakuna, theluji miezi kadhaa. Alitembea mamia ya maili toka kituo hadi kituo, miguuni kafunga fremu za mbao zilizosukwa kwa ngozi, mfano wa kitanda cha kamba, ili asizame. Ndiyo wakamwita padri wa viatu vya theluji.

Lakini mimi hainigusi baridi kama lugha. Alijifunza ya wenyeji hata mwaka 1850 akatoa sarufi ya Kiojibwe, na 1853 kamusi. Alitaka kupokelewa, basi alianza kwa kusikiliza.

Mimi hushona nguo za harusi. Mteja atakuja mara nne kupima gauni la siku moja, ukimuuliza mama mkwe wake anapenda nini, hajui. Miezi mitatu, nasikia karudi kwao: kule hawapiki kama kwetu, mawifi wana maneno. Dada, kila nyumba ina lugha yake. Chai inanywewa saa ngapi, nani huulizwa kwanza, lipi mzaha na lipi kijembe. Somo hawezi kukufunza yote hayo kwa wiki moja. Jipe mwaka, na uwe mwenye kuuliza kabla ya kulaumu.

Sisemi uvumilie mateso. Kupigwa, kutukanwa, kunyimwa matumizi, hiyo si lugha ngeni, ni dhulma, na dini yetu imekupa haki ya kusema na kudai. Tofautisha ugeni na uonevu.

Na waume nao wasikie. Baraga mara nyingi alisafiri na mwenyeji anayeijua njia. Ukweni, mwenyeji wa mke ni mumewe. Asimwache peke yake njiani.

Allah azijaalie ndoa zetu utulivu na huruma. Amin.