MAMBO YA AFYA: Hospitali ya Eldoret na Wanafunzi Wake

Mzee afikaye hospitali kubwa ya Eldoret kwa mara ya kwanza hupatwa na mashaka asubuhi ya siku ya pili. Jana alipokewa, akafunguliwa faili, akapewa kitanda, akatulia. Leo, kabla uji haujapoa, anaona kundi la vijana waliovaa makoti meupe wakimzunguka, wanane au kumi, kila mmoja na daftari lake. Mmoja anamwuliza maumivu yalianza lini. Swali hilo hilo aliulizwa jana na mtu mwingine, na usiku akaulizwa na mwingine tena. Mtu mzima aliyewaongoza vijana hao anasikiliza kimya, kisha anamgeukia kijana: "Umesikia nini kifuani?" Kijana anababaika. Mzee naye anababaika zaidi, maana moyoni anasema: kumbe nimeletwa hapa watoto wajifunzie juu ya mwili wangu.

Mashaka hayo si ya kuchekwa. Mtu akiwa na mashaka huficha habari za ugonjwa wake, au huomba kurudishwa nyumbani kabla ya wakati. Kwa hiyo yafaa ijulikane hospitali ya namna hii ni kitu gani, na vijana wale ni nani.

Hospitali yenyewe ina umri mkubwa kuliko wazee wengi wanaolazwa humo. Ilianza wakati wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, nayo ilikuwa hospitali ndogo ya vitanda 60 iliyowekwa kwa ajili ya Waafrika, katika mji ambao wenyeji waliuita Sisibo kwa kuwa ulijengwa penye shamba namba 64. (Wako wazee ambao mpaka leo hawasemi Eldoret.) Kwa miaka mingi ilikuwa hospitali ya wilaya ya Uasin Gishu tu, na mgonjwa aliyeshindikana pale alipelekwa Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Mambo yaligeuka Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilipofungua skuli ya udaktari mjini Eldoret. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1990. Skuli ya udaktari haiwezi kuwa skuli pasipo wodi, basi hospitali ya wilaya ikapanuliwa, na kwa tangazo la sheria la tarehe 12 Juni 1998 ikawa shirika la serikali, kwa jina la Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa. Leo ni ya pili kwa ukubwa baada ya ile ya Kenyatta ya Nairobi, nayo hupokea wagonjwa wa magharibi yote ya Kenya, wa Bonde la Ufa la kaskazini mpaka Turkana, na hata wengine wanaovuka mpaka kutoka Uganda.

Sasa wale vijana. Katika wodi mna ngazi, kama ilivyo katika ofisi yoyote iliyopangwa vizuri. Chini kabisa yuko mwanafunzi, ambaye kazi yake ni kuuliza, kupima, kuandika na kueleza alichokiona. Hana ruhusa ya kumwandikia mtu dawa kwa shauri lake mwenyewe. Juu yake yuko daktari aliyekwisha kufaulu mitihani lakini anatumikia muda wake wa mazoezi chini ya uangalizi. Juu ya huyo yuko daktari kamili anayesomea ubingwa, yaani ujuzi wa kitu kimoja kama mifupa, watoto au upasuaji. Na juu ya wote yuko bingwa mwenyewe, yule mtu mzima aliyesikiliza kimya. Neno la mwisho ni lake. Jambo ambalo mwanafunzi amelisema vibaya husahihishwa pale pale mbele ya mgonjwa, na ndiyo maana mzee alimwona kijana akibabaika.

Tena kuna faida ambayo wagonjwa hawaifahamu upesi. Daktari mwenye wagonjwa arobaini hana nafasi ya kukaa na mtu mmoja kwa saa nzima. Mwanafunzi anayo. Mfano ni mkulima wa mahindi wa Moiben au Ziwa anayeletwa akitoka jasho jingi, mate yamemjaa kinywani, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano, na nguvu zimemwishia. Jamaa zake husema ni malaria, au husema amerogwa. Mwenye nafasi ya kuuliza polepole jana alikuwa wapi, alifanya kazi gani, alivaa nini, ndiye atakayesikia kwamba alishinda akinyunyizia dawa ya wadudu bila kufunika pua, na kwamba aliporudi nyumbani alikula kabla hajanawa. Habari hiyo moja hubadili matibabu yote, kwa maana sumu ile ina dawa zake, na kila saa inayopotea ina hatari.

Wala wanafunzi hawa hawakai mjini sikuzote. Tangu mwanzo skuli ya Eldoret iliamua kwamba daktari asijifunze wodini peke yake, bali apelekwe katika vituo vya afya vya mashambani, akae na watu, aone wanakochota maji, ahesabu vyoo, na ajue kwa nini mtoto aliyepona utapiamlo mwezi wa tatu anarudi na ugonjwa ule ule mwezi wa sita. Msomaji aliyepata kutembelewa na kijana mwenye daftari akiuliza habari za kisima chake huenda alimwona mmoja wao.

Jambo lililoipa hospitali hii sifa mbali na Kenya lilianzia kwa mwanafunzi wake mwenyewe. Mwaka 2000 UKIMWI ulikuwa umejaza wodi, na waliolazwa kwa ugonjwa huo hawakutazamiwa kutoka wakiwa hai. Dawa za kuzuia virusi zilikuwako duniani, lakini bei yake haikuwa ya mtu wa Afrika. Katika wodi hizo alilala kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari pale pale, amekonda amebaki ngozi na mifupa. Siku zile Eldoret alikuwako Joe Mamlin, daktari wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, kwa ajili ya ushirika ulioanza wakati skuli ilipokuwa ikianzishwa. Alipomtambua mgonjwa yule kuwa ni mwanafunzi, alishindwa kupita. Dawa zikatafutwa kwa kila njia, zikapatikana. Kijana akainuka kitandani, akaanza kula, akatembea, na baadaye akafanya kazi ya kuzungumza na wagonjwa wengine waliodhani wamekwisha.

Aliyeweza kupona mmoja aliwafanya waliobaki waulizwe habari zao. Mwaka uliofuata, 2001, hospitali, skuli na wenzao wa Marekani walianzisha mpango uitwao AMPATH, na miongoni mwa kliniki zake za kwanza mashambani ilikuwa ile ya kituo cha afya cha Mosoriot katika Nandi. Hapo ndipo madaktari walipojifunza jambo ambalo mkulima yeyote angeliwaambia bure. Mtu alipewa dawa nzuri, naye akaendelea kudhoofika, kwa sababu alikuwa na njaa. Shamba lake halikulimwa msimu mzima alipokuwa kitandani. Basi mpango ukalima mashamba, na mgonjwa akawa anapewa dawa pamoja na mboga na mayai mpaka apate nguvu za kushika jembe lake tena. Si hospitali nyingi ambamo daktari huandika kabeji katika karatasi moja na vidonge. Siku hizi kliniki za mpango huo hushughulika pia na kisukari na shinikizo la damu.

Huduma nyingine ni nyingi, na kuzitaja zote kungejaza ukurasa. Akina mama wajifunguao kwa shida wana jengo lao, liitwalo Riley, na watoto waliozaliwa kabla ya siku zao hutunzwa humo. Watoto wakubwa kidogo wana hospitali yao iliyofunguliwa mwaka 2015, iliyojengwa kwa fedha zilizochangwa na wakimbiaji na marafiki zao wa nchi nyingi, jambo linaloupendeza mji ambao alfajiri barabara zake hujaa wanariadha. Wako mabingwa wa figo, wa macho, wa mifupa na wa maradhi ya akili. Jengo la Chandaria hupokea wenye saratani.

Kuhusu saratani yafaa kukaa kidogo. Katika Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya saratani ya umio, ile njia ya kupitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni, huonekana mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, nayo huwapata hata watu wasiotimiza miaka arobaini. Huanza kwa jambo dogo: nyama haipiti vizuri. Mtu huacha nyama. Kisha ugali haupiti. Hula ugali laini na maziwa. Kisha hunywa uji, na jamaa husema ni vidonda vya tumbo. Anapofika Eldoret hata maji hayapiti, na bingwa hana mengi ya kufanya ila kumwekea mpira wa kupitishia chakula. Aliyekuja wakati nyama ilipokataa kupita angalikuwa na nafasi ya kupasuliwa. Chakula kigumu kikikwama kwa wiki mbili au tatu mfululizo, aende akaonwe.

Akaonwe wapi? Si Eldoret moja kwa moja, isipokuwa katika hatari ya ghafula kama ajali, kutokwa na damu nyingi au kupoteza fahamu. Njia yake ni zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya kaunti, na kutoka huko barua ya rufaa. Wengi huona barua hiyo kuwa ni urasimu wa makarani. Lakini ndani yake mna vipimo vilivyokwisha kufanywa na dawa zilizokwisha kutumika, na asiyekuwa nayo huanzishwa upya kana kwamba aliugua jana, huku siku zikipita na fedha zikitoka. Pamoja na barua achukue kitambulisho, karatasi zote za zamani na pakiti za dawa anazokunywa, hata zile za miti shamba, wala asione haya kuzitaja. Tena awe amejiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoshika kazi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara huhesabiwa mapato yake, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa kwa mwaka mzima pamoja. Ni kiasi kizito mwezi wa nne wakati wa kununua mbolea, na afadhali kulipwa mahindi yakiisha kuuzwa.

Na yule mzee? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe atakalofanyiwa na akubali kwanza. Anayo ruhusa ya kumwuliza kijana jina lake na kama ni mwanafunzi au daktari, na kijana aliyelelewa vizuri husema mwenyewe kabla hajaulizwa. Anayo pia ruhusa ya kusema kwamba leo amechoka, hataki kuguswa na wanafunzi. Akikataa, kijana hufunga daftari, humwambia "Asante, mzee," na kwenda kitanda cha pili, na saa nne mwuguzi huleta dawa zile zile kama zilivyoandikwa.