Wachia Baridi, Kuku Wako Wanakufa kwa Kukosa Hewa

Kila Juni, kuanzia Nyeri mpaka Karatina mpaka huku kwetu Mwea, wimbo ni uleule: "Baridi imemaliza kuku." Mtu anakimbia agroveti, ananunua dawa ya mafua, anarudi nyumbani anaziba banda kwa nailoni na magunia pande zote nne. Usiku anaingiza jiko la makaa. Asubuhi anaokota mizoga, na bado anasema ni baridi.

Mimi nakataa. Baridi imesingiziwa vya kutosha.

Hebu tupige hesabu. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, kukushinda wewe. Juu yake kuna manyoya, na usiku anayatutumua ili yashike hewa ya joto karibu na ngozi. Hiyo ni blanketi tayari. Kule Quebec, Kanada, ambako barafu inakaa miezi, watu walizalisha kuku wanaoitwa Chantecler mwanzoni mwa karne ya 20, wenye kilemba kidogo kichwani ili kisigandishwe na baridi. Wanataga na maisha yanaendelea. Sasa wewe, usiku wa Julai Nyeri unacheza karibu na nyuzi 10, Mwea hata haifiki hapo, halafu uniambie kuku mzima mwenye manyoya ameuawa na baridi? Zii.

Kinachoua ni unyevu na hewa chafu. Gathano mawingu yanakaa siku nzima, jua halionekani, tandiko halikauki. Kinyesi kikilowa, bakteria wanakigeuza kuwa amonia, ile harufu ya kuchoma pua. Amonia inaunguza macho na kuharibu vinyweleo vidogo vya kooni vinavyosafisha pumzi. Vikishaharibika, kila ugonjwa unapata mlango. Halafu unaziba banda kabisa, mvuke wa pumzi unagonga mabati, unadondoka chini, tandiko linalowa zaidi. Hapo dawa itafanya nini? Unamtibu mgonjwa na unamlaza chooni.

Na hilo jiko sasa. Makaa ndani ya chumba kilichozibwa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haichagui kati ya kuku na mtu. Wangapi wetu tumeona vifaranga wakilazwa kwenye chumba cha watoto, jiko katikati, dirisha limefungwa? Hiyo si hasara ya kuku tena. Hiyo ni kucheza na maisha ya mtoto.

Najua kuna mtu ataniambia, "Lakini vifaranga wanahitaji joto." Ni kweli kabisa. Kifaranga bado hana manyoya, wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Lakini joto si kuziba kila tundu. Mpe joto chini alipo, wacha hewa itoke juu. Wakirundikana wana baridi, wakikimbia joto limezidi. Kuku wakubwa nao wanaumizwa na upepo unaowapiga moja kwa moja wakiwa wamelala. Kwa hivyo ziba chini, mpaka juu kidogo ya wanapolala, na uache nafasi chini ya paa ikiwa na waya wa kuku tu. Hewa chafu na mvuke vinapitia hapo.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa Mwea tuna dawa mlangoni. Maganda ya mpunga yamejaa kwenye vinu vya Wang'uru. Ni makavu, mepesi, tandiko safi kabisa. Mwaga ya kutosha, geuza mara kwa mara, palipolowa toa, weka mengine. Kinyesi kikavu hakitoi amonia hivyo, na baadaye unapeleka shambani kama mbolea.

Mayai yakipungua Julai, usikimbilie ushauri wa taa kutoka video za Ulaya. Huko mchana unafupika sana wakati wa baridi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima. Kuku wako anachoma chakula kujipasha joto, na wewe unampimia kile cha Februari. Ongeza chakula.

Na Newcastle? Hakuna jiko linaloizuia. Ni virusi, inataka chanjo, na KEVEVAPI wanatengeneza chanjo hiyo hapahapa Kenya. Chanja kabla ya msimu, si baada ya kuanza kuokota mizoga.

Sisi wa kupost video ndio wa kulaumiwa pia. Taa nyekundu ndani ya banda lililozibwa inapata likes kuliko tundu chini ya paa. Lakini mama aliyekuwa akitegemea tray mbili za mayai kwa karo hawezi kulipa shule na likes.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua banda, ingia, chuchumaa mpaka kimo cha kuku, vuta pumzi kumi. Macho yakikuwasha, jua wao wamelala hapo usiku kucha. Halafu rudi hapa kwa comments uniambie ni baridi.