Samaki Hahitaji Ndoo, Anahitaji Njia

Serikali yoyote ikitangaza mpango wa kurudisha samaki mtoni, mimi nina swali moja tu: mnaleta vifaranga, ama mnaondoa kile kilichomaliza wazazi wao?

Chukua samoni wa mwituni wa magharibi mwa Marekani. Huyu samaki ni kama mtu wa ushago. Anazaliwa mtoni, anateremka baharini kujitafutia, na baada ya miaka kadhaa anarudi mto uleule akifuata harufu ya maji ya kwao. Anataga mayai, kisha anakufa hapo. Sasa weka ukuta wa zege katikati ya hiyo safari. Umemaliza ukoo mzima bila kutupa hata ndoano moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye mto Columbia. Mabwawa ya umeme yalijengwa, samoni wakapungua, na jibu kubwa la serikali likawa vifaranga. Wanatotoleshwa kwenye vituo na kumwagwa mtoni kwa mamilioni kila mwaka. Mwaka wa 2023 watafiti wawili wa vyuo vikuu vya huko walipiga hesabu: zaidi ya dola bilioni 9 katika miaka 40, na hakuna ushahidi kwamba samoni wa mwituni wameongezeka. Bilioni 9, wasee. Za dola.

Mbona basi wakubwa wanapenda vifaranga? Kwa sababu picha inatoka poa. Mheshimiwa anashika ndoo, anamwaga, watu wanapiga makofi, jioni yuko kwa habari. Hakuna aliyekasirishwa. Na sisi huu mchezo tunaujua. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo nchi nzima tupande miti, eti tufike bilioni 15 ifikapo 2032. Kupanda ni siku moja. Nani alirudi Januari na mtungi wa maji?

Sasa tazama mto Klamath, unaoanzia Oregon na kuingia baharini California. Mwaka wa 2002 makumi ya maelfu ya samoni walikufa humo, maji yakiwa machache na ya joto. Jamii za wenyeji kama Yurok na Karuk, ambao kwao samoni ni chakula na ni ibada, hawakutaka kutulizwa na vifaranga. Walitaka mabwawa yang'olewe. Walisukuma hiyo kesi miaka 20 hivi, wakaandamana, wakafuata wenye kampuni ya umeme hadi kwenye mikutano yao ya wenye hisa. Mwishowe mabwawa manne yakabomolewa, kazi ikakamilika 2024. Wiki chache tu baadaye, samoni wakaonekana Oregon, juu ya pale mabwawa yalipokuwa, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 100. Walijipeleka wenyewe. Na Julai 2025 vijana wa hizo jamii, wengine rika letu, wakafika baharini kwa kayaki baada ya kupiga kasia mwezi mzima kwenye mto huo.

Najua mtauliza, na umeme je? Swali halali. Mabwawa hayo yalikuwa ya umeme, na bajeti ya kuyaondoa ilikuwa kama dola milioni 450, pesa za wateja wa umeme na walipa ushuru. Waliokuwa na nyumba kando ya maji wakabaki wakitazama matope. Kuondoa kunauma, kwa sababu kila kizuizi kuna mtu anakula hapo. Na mto hauponi kwa msimu mmoja: uvuvi wa samoni wa kibiashara kwenye bahari ya California ulifungwa 2023, 2024 na 2025.

Lakini huo uchungu ndio unaoonyesha mpango ni wa kweli. Kwa hivyo mkisomewa mpango mwingine, iwe ni wa Mto Nairobi au wa samaki wa Ziwa Victoria, msidanganyike na idadi ya vifaranga au miche. Tafuteni ukurasa unaosema ni nani ataambiwa aache kumwaga uchafu, lini, na asipoacha atafanywa nini. Kama huo ukurasa haupo, hiyo ni sherehe tu, na bili mtatumiwa nyinyi.